Sienta ya shangazi na zile milioni mbili za mwaka mpya

"Ajenti kamla shangazi milioni mbili na laki mbili." Ndo meseji iliyoanza kuzunguka kwenye grupu la ukoo mwezi wa kwanza 2025. Shangazi aliagiza gari Japani, ajenti wa kulitoa bandarini akamwambia kodi ni milioni 8.3, ikaja 10.5, na mpaka jioni kila mtu alishapata la kusema, mmoja anataka twende polisi, mwingine ana rafiki yake yuko Dar atamfata huyo bwana ofisini, mwingine anasema alishawahi kusema watu wa kutoa magari bandarini wote ni wale wale. Mimi nikaomba kitu kimoja tu, makaratasi. Shangazi anauza mitumba pale Memorial, Moshi, na ni mtu wa kutunza vitu, kila risiti anayo kwenye bahasha, kila skrinshoti ya WhatsApp anayo. Nikakaa nazo nikazipanga kwa tarehe. Jibu langu ni kwamba kwenye kodi hakuibiwa hata mia. Hela yake ilipotea sehemu nyingine, kidogo kuliko walivyodhani, na huko hakuna aliyekuwa anaangalia.

Naeleza kisa chote hapa kwa ruhusa yake, kwa sababu kila mwaka ikifika mwezi wa kumi naona watu wa huku wanaingia kwenye njia ile ile.

Gari lenyewe ni Toyota Sienta ya 2014, lile umbo la zamani kabla Toyota hawajatoa jipya 2015, injini cc 1,496, viti saba. Kwa kazi yake alichagua vizuri, ukilaza viti vya nyuma belo la kilo 45 linaingia na mlango wa nyuma unafunga, na milango ya pembeni ni ya kuteleza kwahiyo hata ukipaki pamebanana unashusha mzigo bila kugonga pikipiki ya mtu. Kampuni ya Japani ikampa invoisi ya dola 3,450 mpaka bandari ya Dar, yani bei ya gari na nauli ya meli, bima haimo.

Sasa kwanini mwezi wa kumi? Kwa sababu ya Krismasi, hakuna siri hapo. Mtu wa huku anajua, Desemba Dar inahamia Kilimanjaro, barabara ya kupanda Kibosho inajaa magari ambayo mengine hata nailoni za viti hazijatolewa, na anayefika nyumbani na gari lake kwenye kikao cha ukoo anasikilizwa tofauti kidogo, tusidanganyane. Shangazi alitaka gari lifike kabla ya Krismasi apande nalo. Kwa hiyo lengo lake lilikuwa tarehe ya sikukuu, wakati tarehe iliyokuwa na hela ndani yake ni ya wiki moja baadaye, tarehe 31 Desemba, na hiyo hakuna aliyemtajia.

Proforma, yani ile invoisi ya kabla ya kulipa, ilitoka katikati ya Oktoba. Hapo ndo akaanza kuhangaika na dola, kama unakumbuka mwaka ule dola benki zilikuwa za kubembeleza, unaambiwa uje kesho, uje Alhamisi, na yeye hakutaka kununua mtaani akaingizwa mjini. Mpaka benki inamtumia ile hela na kumpa nakala ya SWIFT (karatasi ya kuonyesha hela imetumwa) ni mwanzoni mwa Novemba. Kampuni ikathibitisha malipo, ikaomba nafasi ya meli, gari likapakiwa mwishoni mwa Novemba. Japani mpaka Dar kwa meli za magari hesabu wiki nne mpaka sita hivi ikitegemea inapitia wapi. Piga hesabu mwenyewe. Hakukuwa na namna ile Sienta ingekula Krismasi Kibosho, na ratiba aliyotumiwa ilisema wazi, meli inafika wiki ya kwanza ya Januari.

Hapa ndo pa kuangalia kwa makini. Ninayo skrinshoti ya mazungumzo yake na ajenti, tarehe 27 Novemba:

"Mama meli yako inafika tar 5 mwezi wa 1. Kodi andaa 8.3 kama nilivyokwambia."

"Sawa baba. Haitaongezeka?"

"Haiongezeki mama, nimeangalia kwenye mfumo wa TRA."

Na ni kweli alikuwa ameangalia. Kwa magari yaliyotumika TRA wana mfumo wao wa thamani, uko kwenye tovuti yao, unachagua aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka na ukubwa wa injini, unapewa thamani na mchanganuo wa kodi, mtu yeyote anaingia bila kulipia. Ajenti aliingia mwezi wa kumi 2024 akapata jibu la 2024. Lile jibu lilikuwa sahihi kabisa siku aliyoliangalia. Tatizo meli ilikuwa inakuja 2025 na yeye amekaa anarudia namba ya Oktoba, tena kwenye meseji ile ile aliyotaja tarehe 5 mwezi wa kwanza.

Twende kwenye hesabu sasa, na nitaifanya kwa dola ili isitusumbue, halafu nabadilisha kwa shilingi 2,500. Thamani ambayo TRA waliitumia kwa gari lake ni dola 4,000. Watu wengi kwenye grupu walikomalia hapa, invoisi inasema 3,450 kwanini TRA waandike 4,000, lazima kuna mtu kaongeza. Hapana. Kwa gari chakavu TRA wanaangalia thamani ya kwenye mfumo wao, na ile 4,000 ilikuwepo tangu Oktoba kwenye karatasi ya kwanza ya ajenti. Sio hiyo iliyoleta ongezeko. Wengine wakaja na la kinyume, kwamba gari likizeeka mwaka thamani nayo si ishuke? Kwa gari hili haikushuka, karatasi zote mbili ni 4,000.

Kwenye 4,000 unaanza na ushuru wa forodha asilimia 25, ni dola 1,000. Sasa una 5,000. Kwenye hiyo 5,000 unakata ushuru wa bidhaa wa injini, na kwa kuwa iko kati ya cc 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, dola 250. (Injini isiyozidi cc 1,000 hii hailipi, inayozidi 2,000 inalipa asilimia 10, ndo maana Vitz na Passo za cc 1,000 ziko nyingi kiasi kile.) Halafu kinakuja kitu ambacho mtaani tunaita uchakavu. Gari la kutembelea lenye miaka 8 mpaka 10 tangu mwaka wa kutengenezwa linalipa asilimia 15 ya ile 5,000. Likizidi miaka 10, asilimia 30. Mwisho kabisa VAT asilimia 18 juu ya mjumuiko wote huo, yani unalipa kodi juu ya kodi, hiyo ndo ilivyo.

Mwaka 2024 gari la 2014 lina miaka 10. Uchakavu asilimia 15, dola 750. Jumla kabla ya VAT 6,000, VAT 1,080. Ukijumlisha kodi zote nne unapata dola 3,080, sawa na shilingi milioni 7.7.

Mwaka 2025 gari lile lile, chasisi ile ile, rangi ile ile, lina miaka 11. Uchakavu asilimia 30, dola 1,500. Jumla kabla ya VAT 6,750, VAT nayo inapanda mpaka 1,215. Kodi zote nne ni dola 3,965, shilingi milioni 9.9 na kidogo.

Tofauti dola 885. Kwa shilingi ni milioni 2 na laki 2 na kachenji. Ndo ile ile hela ya kwenye grupu la ukoo, imekaa pale kwenye karatasi ya TRA mstari wa uchakavu na mstari wa VAT, haijaenda Kariakoo wala kwa mke wa pili wa ajenti kama binamu mmoja alivyodai. Ukiongeza tozo ya reli, ada ya forodha na usajili, ambavyo havikubadilika, unatoka milioni 8.3 kwenda 10.5. Inakaa sawasawa.

Na kuna ushahidi mwingine ambao ulinimalizia kabisa wasiwasi. Kodi shangazi alilipa mwenyewe, benki hapa hapa Moshi, kwa kontrol namba. Ajenti alifungua nyaraka kwenye TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA, TRA wakatoa makadirio, ikatoka kontrol namba yenye kiasi kamili, shangazi akaenda dirishani. Hela haikupita kwenye mkono wa ajenti hata kwa dakika. Ukitaka kujua kama mtu anakuongezea kodi anza na hilo, mwambie nitumie kontrol namba nikalipe mwenyewe, akianza kusema mama tuma tu kwenye M-Pesa yangu mimi nitalipa ni haraka zaidi, hapo sasa itisha kikao cha ukoo.

Nikampigia shangazi. Shikamoo, marahaba baba, nikamweleza. Akanyamaza muda. Halafu akasema, "Yani nimelipa milioni mbili kwa siku tano?" Siku tano za Januari, ndiyo. Mwezi hauangaliwi, kinachoangaliwa ni mwaka, kwahiyo hata angeniambia gari limesajiliwa Japani Mei 2014 kwahiyo halijatimiza miaka kumi na moja, isingesaidia kitu. Na niseme na hili haraka, zile tovuti za kuuza magari mara nyingi zinaandika mwaka wa usajili wa kwanza, sio wa kutengenezwa, gari lililosajiliwa Januari au Februari linaweza kuwa limetengenezwa mwaka wa nyuma na TRA wanachotaka ni mwaka wa kutengenezwa. La shangazi lilikuwa sawa, 2014 kote kote.

Je angeweza kupinga? Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa mtu asiyeridhika na uamuzi siku 30 za kuomba kwa maandishi upitiwe upya. Ila unapinga kitu chenye kosa, mfano wameandika cc 1,800 wakati injini ni 1,500, au wameweka modeli ambayo sio. Huwezi kuandika barua kwamba mwaka umegeuka. Nilimshauri aachane nalo.

Kijana wa kaka yake anayekaa Himo yeye alikuwa na wazo lake tangu mwanzo, kwamba angenunua tu gari Kenya avuke nalo Holili, si karibu hapo. Hili wazo haliishi huku kwetu na kule Arusha kwa ajili ya Namanga. Wakenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwahiyo magari yao ni mapya zaidi na bei yake sio ya mtu anayetafuta Sienta ya 2014. Na kuvuka na namba ya Kenya kwa kibali cha muda ni kitu kimoja, kulifanya la kwako likae Moshi na namba E ya Tanzania ni kitu kingine, lazima lipite forodha. Wanaokaa na namba za Kenya miaka na miaka wanajua wenyewe wanavyolala.

Kitu ambacho kingemsaidia kilikuwepo, na kilikuwepo kwenye simu yake. Kwenye zile skrinshoti za Oktoba kuna Sienta nyingine kampuni ile ile walimpelekea, umbo lile lile la zamani, ya 2015, imezidi dola 350. Aliiacha kwa sababu ya hiyo 350 na kwa sababu ni ya silva wakati yeye alitaka nyeupe. Nimeiingiza kwenye mfumo, thamani ya TRA ikaja 4,200. Januari 2025 hiyo ina miaka 10, uchakavu asilimia 15, kodi zile nne ni dola 3,234. Ukilinganisha na 3,965 aliyolipa, kodi imepungua 731, toa ile 350 aliyokimbia, anabaki na 381, karibu laki tisa na nusu ya shilingi, na gari jipya kwa mwaka mmoja. Ajenti angefanya hesabu mbili mwezi wa kumi, moja ya mwaka huu na moja ya mwaka ujao, hili lingeonekana kabla hata ya kwenda benki. Ni kazi ya dakika mbili. Mimi hapo ndo namlaumu kweli kweli, uvivu, kwa sababu anatoa magari kila wiki na mwaka mpya sio kitu kinachokuja kwa kushtukiza.

Lakini hapo Novemba tayari gari liko baharini, kulikuwa na cha kuokoa? Kodi hapana. Storeji ndiyo, na sasa ndo tunafika kwenye hela iliyopotea kweli.

Meli ilifika kama ilivyosemwa, gari likashushwa likapelekwa bandari kavu. Pale unapewa siku chache za bure, zikiisha storeji inaanza kuhesabika kila siku, Jumapili hadi sikukuu. Shangazi alikuwa na milioni 8.3 mkononi. Makadirio yakatoka 10.5. Akamwita ajenti mwizi, ajenti akazima simu, shangazi akapeleka suala kwenye ukoo, ukoo ukakaa, baba mdogo akasema asilipe mpaka aelezwe. Wakati wanaelezana gari limekaa yadi Dar linahesabiwa. Angejua tangu tarehe 27 Novemba kwamba inatakiwa 10.5 angekuwa na zaidi ya mwezi wa kutafuta milioni mbili, tena mwezi wa Desemba ambao mitumba inatoka kuliko mwezi wowote. Ule ugomvi wenyewe ndo uliozaa gharama.

Alipokuja kulipa, na ukaguzi wa TBS, shirika la viwango, umeisha, ajenti akamtumia bili ya pili. Hii ni karatasi ya daftari imepigwa picha, mistari miwili tu: "Gharama za bandari na bandari kavu 1,650,000. Ajenti 400,000." Ile laki nne walikubaliana tangu mwanzo, haina shida. Ile ya juu shangazi aliilipa bila hata kuuliza! Mtu aliyegombana wiki mbili kwa hela iliyokuwa na karatasi ya serikali yenye kila mstari, akalipa milioni na laki sita na nusu kwa mstari mmoja wa kalamu. Alikuwa amechoka, anasema, alitaka gari lije.

Nikamwambia aombe risiti za hicho kitu kimoja kimoja. Sio kwa ukali, amwambie tu kijana wangu anatunza mahesabu ya duka anazitaka. DO ya wakala wa meli, ile karatasi ya kuruhusu gari lichukuliwe, ina risiti. Malipo ya bandari yana risiti. Bandari kavu, storeji na kushusha, ina risiti na inaonyesha siku ngapi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolipwa bila karatasi. Ikachukua muda, zikaja nusu nusu kwenye WhatsApp, moja imepigwa picha gizani, nikazijumlisha: 1,180,000. Na hapo storeji ndo kubwa kuliko zote. Imebaki 470,000 hewani.

Ajenti alivyoulizwa akajibu, "Mama kuna gharama nyingine hazina risiti, wewe elewa tu." Shangazi akamjibu jibu ambalo nimelipenda sana, akamwambia baba mimi nauza mitumba, gharama zisizo na risiti nazijua, lakini huwa naziweka kwenye bei mwanzoni, siziongezi mteja akishavaa nguo.

Hawakugombana. Nilimwandikia meseji fupi yenye zile risiti kwa mpangilio, jumla chini, tofauti chini yake, na sentensi moja kwamba kodi tumeihakiki na hatuna malalamiko nayo. Nadhani ile sentensi ndo ilifanya kazi kuliko zote, maana mpaka hapo alikuwa anatukanwa kwa kitu ambacho hakufanya na alikuwa amejifungia. Baada ya siku chache akarudisha laki tatu kwenye simu.

Gari lililetwa na dereva wa kukodi, Chalinze, Segera, Same mpaka Moshi, faini moja ya mwendokasi njiani ambayo dereva alitaka ilipwe na mwenye gari na ikakataliwa. Bima ndogo ilishakatwa Dar, kadi ina jina lake. Kwenye grupu nikaweka ile hesabu ya mistari ya uchakavu na VAT, wawili wakasema asante, binamu wa mke wa pili akasema TRA nao ni wale wale.

Mwezi wa tisa mwaka huo huo yule kijana wa Himo akaja na proforma ya Ractis ya 2015, kaiona nzuri, bei nzuri, anataka alipe Novemba akishauza mahindi. Shangazi ndo aliyeishika ile karatasi kwanza, akatafuta mwaka, akauliza meli inafika lini. Kijana akasema hajui, labda Januari. Akarudishiwa karatasi yake aende akatafute ya 2016.

Ile laki moja na elfu sabini iliyobaki bado wanadaiana na ajenti, anasema atamkata kwenye gari linalofuata.